Nilimwita ndugu yangu mwizi, kumbe mbolea ilikuwa shambani

Msomaji mpenzi, kama wewe ni miongoni mwetu tunaoishi mjini na kulima mashambani kwa njia ya simu, tafadhali weka kikombe cha chai kando unisikilize kabla hujatuma pesa nyingine nyumbani. Sikuandikii kama mtaalamu wa kilimo. Kazi yangu ni ya kalamu, na somo la kilimo niliachana nalo katika kidato cha pili. Ninayokusimulia niliyalipia kwa pesa zangu mwenyewe, na nusura niyalipie kwa undugu pia.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 nilikopa shilingi 85,000 katika chama chetu cha akiba na mikopo pale kazini. Wenzangu wawili walinidhamini. Baba watoto hakupendezwa hata kidogo. "Si heri pesa hizo tulipe karo ya mwaka mzima tupumue?" aliniuliza. Nikamjibu kwa majigambo kwamba mahindi ya Kitale hayajawahi kumwangusha mtu.

Nyumbani kwetu ni katika kaunti ya Trans Nzoia, upande wa Kwanza. Marehemu Baba alituachia ekari mbili na robo. Hiyo robo iliyo nyuma ya jikoni ni ya Mama, wala hakuna anayethubutu kumwagiza namna ya kuilima. Zile ekari mbili ndizo nilizotaka kuzilima kisasa. Msimamizi wangu alikuwa kitindamimba wetu, kijana aliyemaliza shule na bado alikuwa akisubiri kujiunga na chuo.

Utakumbuka kwamba mwaka ule bei ya mbolea ilipaa hadi mawinguni. Ilikuwa imeanza kupanda mwaka wa 2021, na vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022 mambo yakaharibika kabisa. Nilinunua mbolea ya kupandia, ile ya DAP, kwa shilingi 6,300 mfuko wa kilo 50. Niliagiza mifuko minne. Niliwaza hivi: ikiwa mfuko mmoja huitosha ekari moja, basi miwili italeta maajabu. Nikaongeza mifuko miwili ya CAN ya kunyunyizia baadaye, na nikaamuru trekta ilime mara mbili kisha ipige haro.

"Nataka udongo uwe laini kama unga," nilimwambia ndugu yangu kwenye simu.

"Sawa, dada. Lakini trekta bado. Mwenyewe anasema foleni ni ndefu."

Foleni ilikuwa ndefu kweli. Trekta ilifika mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa imeshanyesha na ardhi imelowa. Ikalima, ikarudi, ikapiga haro. Mbegu iliingia ardhini wiki ya pili ya Mei. Mama naye alikuwa amepanda robo yake wiki ya kwanza ya Aprili, mvua ilipoanza tu, na mahindi yake yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu.

Picha nilizotumiwa Juni na Julai zilikuwa za kijani kitupu. Niliwaonyesha wenzangu ofisini. Mmoja alinitania kwamba nikitajirika nisiwasahau. Kijani hicho, msomaji, ndicho kilichonidanganya, kwa sababu kwenye picha ya simu huwezi kutofautisha mahindi na magugu.

Desemba simu ikalia nikiwa ndani ya matatu kuelekea mjini. Mahindi yalikuwa yamepukuchuliwa na kupimwa.

"Kumi na tisa, dada."

"Kumi na tisa kwa kila ekari?"

"La. Kumi na tisa yote."

Nilihisi kama dereva ameruka tuta. Magunia 19 ya kilo 90 kutoka ekari mbili, kwa mbolea ya shilingi 25,200! Hapo ndipo nilipotamka neno ambalo hadi leo linanichoma. Nilimuuliza, abiria wote wakisikia, ni mifuko mingapi ya mbolea aliyouza na pesa amempelekea nani. Alinyamaza. Nikasikia jogoo akiwika huko nyuma yake, kisha simu ikakatika.

Hakunipigia tena kwa muda wa miezi mitatu. Nikipiga mimi, hapokei. Mama alipokea mara moja tu akaniambia, "Mwanangu, ulilosema halirudi mdomoni. Njoo ulione shamba."

Kabla sijaenda, niliketi usiku mmoja na kalamu na kitabu cha hesabu cha mtoto wangu. Trekta mara tatu katika ekari mbili, shilingi 18,000. DAP 25,200. CAN 9,600. Mbegu 5,000. Vibarua wa kupanda, kupalilia mara mbili, kuvuna na kupukuchua, 24,000. Dawa ya viwavijeshi, wale wadudu waliotuvamia tangu 2017, shilingi 3,000. Jumla shilingi 84,800. Magunia 19 niliyauza kwa shilingi 4,500 kila moja nikapata 85,500. Faida yangu ya mwaka mzima ilikuwa shilingi 700. Haikutosha hata nauli ya kwenda Kitale kuomba msamaha, na bado riba ya mkopo ilikuwa inaningoja.

Sasa nikwambie kuhusu robo ya Mama. Alivuna magunia sita. Ukizidisha mara nne, hayo ni magunia 24 kwa ekari, dhidi ya yangu tisa na nusu.

Machi 2023 nilipanda basi. Ndugu yangu alinisalimu kwa adabu, akaninawisha mikono mezani, lakini hakuniangalia machoni. Kesho yake Mama akamwita afisa wa kilimo wa wadi yetu, mzee mmoja mpole mwenye pikipiki kuukuu, akatupeleka sote shambani. Swali lake la kwanza halikuhusu kiasi cha mbolea. Aliuliza, "Mliiweka wapi?"

Ndugu yangu ndiye aliyejibu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza mbele yangu tangu Desemba. Alisema kwamba tulikuwa tumechelewa, kwamba dada alikuwa akipiga simu kila saa akiuliza kama wamemaliza kupanda, na kwamba mwenye trekta alimshauri amwage mbolea juu ya shamba kabla ya haro, ili haro iichanganye na udongo na vibarua wapande haraka. Mifuko minne yote aliitawanya kwa mkono siku moja. Mama aliona. Vibarua waliona. Hata CAN ilitawanywa vivyo hivyo.

Afisa akatikisa kichwa. "Basi hamkuibiwa na mtu," alisema. "Magugu ndiyo yaliyokula."

Mama akadakia kwamba mwaka ule nafasi kati ya mistari ilikuwa na magugu ya kumfikia kiunoni, mazito, yenye rangi ya kupendeza kuliko mahindi yenyewe. Mimi nilikuwa nimeyaona kwenye picha nikayaonyesha watu ofisini.

Sitakuchosha na namna nilivyoomba msamaha. Nilipiga magoti pale pale kwenye mabua. Kijana alisema, "Yameisha, dada," lakini wewe na mimi tunajua kwamba mambo ya aina hiyo hayaishi kwa siku moja.

Turudi kwenye mbolea, maana nilitaka kuelewa hasa kosa lilikuwa wapi, nikamuuliza afisa maswali hadi akacheka. Katika mfuko wa DAP, alinieleza, kuna virutubishi viwili. Kila kilo 100 zina kilo 18 za naitrojeni na kilo 46 za fosfati, na fosfati hiyo ndiyo inayolipiwa pesa nyingi. Fosforasi iliyomo ndiyo inayoupa mche mizizi ya mwanzo. Sasa, fosforasi haitembei. Naitrojeni ikishayeyuka husafiri na maji, lakini fosforasi hukaa pale pale ulipoiweka, na katika udongo wetu mwekundu wenye asidi hukamatwa na madini ya chuma na aluminiamu ikawa haipatikani tena kwa mmea. Ukiitawanya na kuichanganya na udongo wote wa ekari, umeipa ardhi nafasi ya kuikamata punje kwa punje. Ukiiweka mahali pamoja, karibu na mbegu, ardhi hukamata kiasi na mche hupata wake.

Mfikirie mtoto wa miezi sita uliyemketisha kwenye mkeka sebuleni. Halafu chukua uji wake uumwage matone matone nyumba nzima, hadi chumbani na bafuni, kisha ulalamike kwamba mtoto hanenepi na unga ulinunua. Mche wa mahindi wa wiki mbili una mizizi mifupi kama mikono ya mtoto huyo.

Mama hakuwahi kusoma haya popote. Yeye hutumia kizibo cha soda. Hufunga kamba yenye mafundo, mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo sentimita 50. Huchimba shimo la kina cha kiganja, hutia kizibo kimoja cha DAP kilichosawazishwa, hufukia na udongo wa vidole viwili vitatu, ndipo huweka mbegu mbili na kufukia tena. Nilichukua vizibo kumi vya mbolea nikavipeleka dukani kupimwa kwenye mizani. Mshale ulicheza karibu na gramu 50. Yaani kizibo kimoja ni gramu tano hivi.

Piga hesabu nami. Ekari moja ina mita mraba 4,047 hivi. Kwa nafasi za Mama, hayo ni mashimo yapata 10,800 na mimea 21,600. Ukigawa kilo 50 kwa mashimo hayo, kila shimo linapata gramu nne na nusu na ushei. Kumbe kizibo cha Mama ndicho mfuko mmoja kwa ekari! Nilipoona hesabu hiyo inakubali nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Robo yake ilikula takriban kilo 12, alizozinunua kilo moja moja kwenye duka la sokoni kila alipouza maziwa.

Hata hivyo nisimpambe Mama kupita kiasi, wala nisikudanganye kwamba kizibo peke yake ndicho kilichompa magunia sita. Alipanda wiki tano kabla yangu, na katika nyanda zetu za juu, zenye mahindi ya kukaa shambani miezi sita na zaidi, hiyo ni tofauti kubwa. Robo yake hupata samadi ya ng'ombe. Palizi yake hufanywa na akina mama wa chama chao kwa zamu, bila kulipana. Afisa alinikumbusha kwamba watafiti wa pale Kitale walishaonyesha katika miaka ya 1960, mahindi chotara yalipokuwa mageni, kwamba mbolea haiyafai sana mahindi yaliyochelewa kupandwa na kuachwa kwenye magugu. Mimi nilikuwa nimefanya makosa yote mawili kisha nikaongeza mifuko.

Basi mwaka huo wa 2023 tukabadilisha mambo. Mapema Februari nilikuwa nimetuma pesa za trekta kupitia kwa Mama, shamba likalimwa mara moja ardhi ikiwa kavu, likapigwa haro mara moja Machi. Serikali ilikuwa imeweka mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mfuko. Nikanunua miwili, mmoja kwa ekari. Nikachukua likizo nikabaki kusimamia upanzi mwenyewe.

Na hapo nikafanya kosa jipya. Siku ya mwisho, ikiwa imebaki nusu ekari, nilikwenda Kitale mjini benki. Vibarua tulikuwa tunawalipa kwa mstari, na anayelipwa kwa mstari hukimbia. Nilipoondoka tu, kazi ya kufukia mbolea kwanza ikaonekana ni ya kupoteza wakati. Wakatia mbolea na mbegu katika shimo moja, vikigusana, wakafukia mara moja. Mvua nayo ikakaa zaidi ya wiki moja bila kunyesha.

Baada ya siku kumi na mbili ekari moja na nusu ilikuwa imeota kama jeshi kwenye gwaride. Ile nusu ilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mama alifukua mbegu moja akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imevimba, imetoa kijizizi, na ncha ya kijizizi hicho ilikuwa ya kahawia, kama iliyopitishwa kwenye moto wa mshumaa. DAP ikiyeyuka hutoa amonia, na chumvi yake huvuta maji. Udongo ukiwa mkavu kinachoungua ni mbegu. Tulirudishia mbegu kwenye mapengo, lakini mahindi yaliyopandwa nyuma ya wenzake hutiwa kivuli na kudhoofika, na mengi hayakubeba chochote cha maana.

Kwa hiyo, msomaji, kuna mbali na kuna karibu mno. Mbolea inapasa kukaa chini ya mbegu au kando yake, umbali wa sentimita tano hivi, na udongo katikati. CAN nayo hufuata mahindi yakifika magotini, ardhi ikiwa na unyevu, ikiwekwa kando ya shina umbali wa shubiri na wala si ndani ya majani, kwani huyaunguza. Wanaotumia urea waifukie, la sivyo sehemu yake hupaa hewani na pesa zao.

Tulivuna magunia 37 mwaka huo. Gharama ilikuwa shilingi 64,000 kasoro kidogo, na nikauza gunia kwa 3,600. Ukitoa matumizi nilibaki na zaidi ya shilingi 69,000. Kweli mbolea ilikuwa nafuu na tulipanda mapema, siwezi kuyakana hayo. Lakini zingatia kwamba nilitumia nusu ya mbolea ya mwaka uliotangulia.

Sasa nije kwenye jambo la kulima, ambalo watu wa mjini hatulifikirii kabisa. Kwetu sisi shamba zuri ni lile lililopinduliwa mpaka likawa jekundu tupu. Afisa alikuwa amenichimbia shimo katikati ya ekari mbili siku ile ya kwanza. Shibiri moja ya juu ilikuwa laini. Chini yake jembe liligonga, likarudi, kama lililopiga sakafu. Mabaki ya mizizi ya mahindi yalikuwa yamefika hapo yakapinda na kwenda kando. Alieleza kwamba trekta ikilima mwaka baada ya mwaka kwa kina kile kile, na hasa ikilima udongo uliolowa kama nilivyofanya 2022, chuma na uzito wa magurudumu hushindilia tabaka la chini. Mvua kubwa ikinyesha maji husimama juu, na jua likiwaka mizizi haifikii unyevu ulio chini. Kulima mara tatu nilikokuamuru kwa simu kulikuwa kunanijengea sakafu hiyo kwa shilingi 9,000 kila ekari.

Kuna chombo kiitwacho ripa, chenye jino refu la chuma linalopasua mstari mmoja tu bila kuupindua udongo. Hukokotwa na trekta au ng'ombe. Mbolea na mbegu huingia kwenye mstari huo, na katikati ya mistari huachwa bila kuguswa, mabua yakiwa yamelala juu kama blanketi. Katika sehemu kavu kama Laikipia na Machakos njia hii husifiwa kwa kuhifadhi maji. Sehemu zenye mvua nyingi kama kwetu, sifa zake ni za kupimwa. Kule Nyabeda, Siaya, watafiti walianzisha mwaka wa 2003 majaribio ya miaka mingi ya kulinganisha kulima kwa kawaida na kulima kidogo. Mimi nikaamua kujaribu la kwangu mwaka wa 2024, ekari kwa ekari.

Ekari ya kwanza ililimwa mara mbili na haro, ikapaliliwa mara mbili. Gharama ya kulima na kupalilia ilikuwa shilingi 15,500. Ekari ya pili ilipasuliwa kwa ripa, ikanyunyiziwa dawa ya magugu kabla ya kupanda na baadaye ikapaliliwa mara moja. Hiyo ilinigharimu shilingi 8,000. Mbegu na mbolea zilikuwa sawa, kizibo kwa kizibo, siku moja. (Mbolea yenyewe niliikagua kwa macho na vidole kabla ya kuilipia, kwa sababu mwaka huo kulizuka kashfa ya mbolea ghushi, na hakuna uwekaji unaoweza kuufanya mchanga kuwa mbolea.)

Ekari iliyolimwa ilitoa magunia 22. Ya ripa ilitoa 21. Majirani waliosimama kando ya uzio walisema nimeshindwa. Lakini gunia moja nililolipoteza lilikuwa la shilingi 3,000 bei ya mwaka huo, na nilikuwa nimeokoa shilingi 7,500. Ekari iliyovuna kidogo ndiyo iliyonipa faida zaidi, kwa shilingi 4,500. Nilimwonyesha baba watoto hesabu hiyo mara mbili kabla hajaamini. Sisi sote tumezoea kuulizana magunia mangapi, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza kila gunia limemgharimu ngapi. Mwaka wa 2022 gunia langu lilinigharimu shilingi 4,463 kulizalisha!

Nikadhani nimefika. Nikampigia Mama kumwambia kwamba 2025 shamba zima litakuwa la ripa na dawa. Kukawa kimya kidogo.

"Umenipa magunia, ukaninyima mboga," alisema.

Nilikuwa nimesahau. Katika ekari ya dawa maharagwe hayakupandwa kati ya mistari, na mchicha, mnavu na mboga nyingine za kienyeji ambazo huota zenyewe na Mama huzichuma kila jioni kuanzia Mei hazikuonekana. Alikuwa akinunua mboga sokoni kwa pesa za maziwa. Tena mabua niliyoyaacha yafunike ardhi ndiyo chakula cha ng'ombe wake miezi ya Januari na Februari, kwa hiyo alikuwa amenunua lishe pia. Hakuna hata moja kati ya gharama hizi iliyokuwa kwenye kitabu changu. Aliyezilipa hakuwa mimi, na hakuwa amelalamika mpaka nilipojisifu.

Tuliafikiana hivi. Ekari moja ni ya ripa, na nusu ya mabua yake hubaki shambani, nusu huenda kwa ng'ombe. Ekari ya pili hulimwa mara moja tu Februari na kupigwa haro mara moja, na maharagwe huingia katikati, na mboga ziote zitakavyo mpaka palizi. Huenda kuna mtaalamu atakayeisoma hesabu hii akunje uso. Akae na Mama wakubaliane. Tumechukua pia udongo ukapimwe asidi, kwa sababu DAP ikitumiwa mfululizo huizidisha, na ikibidi tutamwaga chokaa. Hiyo, kwa bahati nzuri, ndiyo inayotawanywa shamba zima.

Machi 2025 nilipanda basi la usiku nikiwa na mfuko wa vizibo 40 vya chuma. Usicheke. Siku hizi soda nyingi ziko katika chupa za plastiki, na kizibo cha plastiki ni kikubwa, humeza mbolea karibu maradufu. Vile vya chuma nilimwomba mwenye kioski mtaani kwetu anikusanyie tangu Krismasi. Utingo alipoubeba mfuko ukalia akaniuliza kama ninauza vyuma kuukuu.

Ndugu yangu alikuwa akinisubiri stendi ya Kitale alfajiri, amejifunika koti la Baba. Kamba zenye mafundo alikuwa ameshazitayarisha, na vibarua aliwaajiri safari hii kwa siku, si kwa mstari. Alichukua mfuko akautikisa sikioni.

"Dada," alisema, "leo angalau umeleta vizibo. Mwaka ule ulituletea maneno."

Nikamwambia apige simu kwa Mama ateleke chai, tunakuja.